Unaweza kuomoka bila kutupa lugha ya shosh. Waulize watu wa Corvara

Kuna hesabu moja ambayo vijana wa mjini tumepigiwa tangu nasari. Kiingereza ni cha kazi, Kiswahili ni cha mtaa, Sheng ni ya mabeshte, na lugha ya mama ni ya ushago, ya mazishi na ya kusengenya watu kwenye matatu. Ukitaka kuomoka, unaambiwa, punguza mizigo. Na mzigo wa kwanza kutupwa ni ile lugha ambayo shosh wako anaota nayo usiku.

Leo nataka nikuonyeshe mahali ambapo hesabu hiyo imekataa kabisa.

Ni kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, kinaitwa Corvara. Kiko mita 1,568 juu ya usawa wa bahari, katika bonde la Badia, chini ya jabali refu la Sassongher. Wakazi wake ni kama 1,300 hivi, yaani wachache kuliko wanafunzi wa shule moja kubwa ya upili hapa kwetu. Theluji ikianguka, kijiji hicho kidogo hujaa wageni kutoka kila pembe ya Ulaya waliokuja kuteleza kwa ski. Ni wageni wenye pesa. Kuna hoteli pale ambazo bei yake ya usiku mmoja ingekulipia keja ya Umoja miezi kadhaa.

Sasa sikiza hii. Katika sensa ya mwaka wa 2011, karibu watu tisa kati ya kila kumi pale Corvara walijiandikisha kuwa wa kundi la lugha ya Kiladini. Si Kiitaliano, ingawa wako Italia. Si Kijerumani, ingawa ndicho kinachozungumzwa na watu wengi zaidi mkoani kwao. Kiladini. Lugha ambayo pengine hujawahi kuisikia hata siku moja, na ambayo wazungumzaji wake wote duniani ni kama 30,000. Wote wangeingia Kasarani na viti vibaki.

Usikichanganye na Kiladino cha Wayahudi waliotoka Uhispania. Hicho ni kitu kingine. Kiladini cha hawa watu wa milimani kilizaliwa baada ya Warumi kuiteka milima ya Alpi mwaka wa 15 kabla ya Kristo. Kilatini cha askari na wafanyabiashara kikakutana na lugha za wenyeji, mabonde yakajifungia kwa karne nyingi, na kilichotoka humo si Kiitaliano kilichovunjika. Ni lugha kamili yenye ndugu zake, kama vile Kiromanshi cha Uswisi. Inazungumzwa katika mabonde matano yanayozunguka milima ya Dolomiti: Badia, Gherdëina, Fascia, Fodom na Ampezzo.

Na kama unafikiri watu wa lugha ndogo hubaki wadogo, mtafute Giorgio Moroder. Ndiye aliyetengeneza ile midundo ya kielektroniki iliyombeba Donna Summer mwaka wa 1977, akashinda tuzo tatu za Oscar kwa muziki wa filamu, na mwaka wa 2013 Daft Punk wakampa wimbo mzima wenye jina lake. Kila unapocheza densi ya kielektroniki klabuni, kuna alama ya vidole vyake humo ndani. Alizaliwa mwaka wa 1940 Urtijëi, mji mdogo wa Kiladini katika bonde la Gherdëina, ng'ambo ya mlima ukitoka Corvara.

Hawakuzaliwa na doo

Najua unachowaza. Hao ni wazungu, wana hela, wanaweza kujibembeleza na lugha zao. Ngoja kwanza.

Miaka mia moja iliyopita bonde la Badia lilikuwa ushago wa ushago. Watu waliishi katika vijiji vidogo wanavyoviita viles, nyumba chache zimebanana mlimani, zikitumia kisima kimoja na tanuri moja la mkate. Walifuga ng'ombe, wakalima shayiri kwenye miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili, kisha majira ya baridi yakawafungia ndani. Hakuna aliyekuja kupiga picha.

Halafu siasa ikawapata. Hadi mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa chini ya Austria-Hungaria. Baada ya vita, mkataba wa 1919 ukawapa Italia, na muda si mrefu mafashisti wakashika hatamu Roma. Mwaka wa 1923 sheria ilifanya Kiitaliano kuwa lugha ya pekee ya kufundishia shuleni. Majina ya mahali yakabadilishwa. Kiladini kikaambiwa si lugha, ni lahaja tu ya Kiitaliano. Na kati ya mwaka huo na 1927, mabonde ya Waladini yakagawanywa katika mikoa mitatu tofauti: Bolzano, Trento na Belluno. Ukitaka watu wachache wasiwe na sauti, hiyo ndiyo mbinu. Wagawe, kila kipande kiwe wachache zaidi mahali kilipo.

Mwaka wa 1939 ukaleta kubwa zaidi. Hitler na Mussolini walikubaliana kwamba watu wa eneo hilo wachague: wahamie Ujerumani, au wabaki Italia na wawe Waitaliano kamili. Kulikuwa na nyumba ambamo ndugu mmoja alichagua kwenda na mwingine akachagua kubaki.

Kwa hivyo hawa si watu ambao lugha yao iliwekwa kwenye kabati la kioo na kufutwa vumbi kila Jumapili. Walikanyagwa. Kama ulivalishwa diski shuleni kwa sababu ulinaswa ukiongea Kikamba, Kiluhya au Kijaluo wakati wa mapumziko, wewe na mtoto wa Badia wa mwaka wa 1925 mngeelewana bila mkalimani.

Pesa zilipofika, lugha ilipaswa kufa

Baada ya Vita vya Pili, mambo yakageuka. Corvara ndiyo inayojivunia lifti ya kwanza ya viti nchini Italia, ile ya kupanda kilima cha Col Alto, iliyojengwa miaka ya 1940 mara tu vita vilipoisha. Mwaka wa 1974 mabonde yakaungana kuanzisha Dolomiti Superski: tiketi moja inayokufungulia maeneo 12 ya kuteleza na njia zenye jumla ya kilomita 1,200. Mwaka wa 1985 mashindano ya Kombe la Dunia yakaanza kufanyika katika kijiji jirani cha La Ila, na hadi leo mabingwa huenda huko kila Desemba. Mwaka wa 2009 UNESCO ikaiweka milima ya Dolomiti kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuna safari moja maarufu inaitwa Sellaronda. Unavaa ski asubuhi, unazunguka jabali lote la Sella kwa lifti na kuteleza, kama kilomita 40 kwa jumla, na jioni umerudi ulikoanzia. Katika mzunguko huo unapita mabonde manne ya Kiladini na mikoa mitatu. Fikiria hilo. Ile ramani ambayo mafashisti waliikata vipande, mtalii anaishona tena kwa siku moja, na wala hajui.

Kwa kawaida, pesa za aina hii ndizo zinazoua lugha. Wageni wanakuja na lugha zao, wenyeji wanajifunza kuwahudumia, vijana wanaona kile kinacholipa, na kizazi kimoja baadaye lugha ya nyumbani imebaki kwenye jina la hoteli. Mbona Corvara haikuenda hivyo?

Watu wengi watakujibu kwamba ni mapenzi. Ati Waladini wanaipenda lugha yao. Mimi sikubali. Mapenzi peke yake hayajawahi kuokoa lugha yoyote. Kila Mkenya ninayemjua anaipenda lugha ya mama. Tunaipenda kwenye harusi, tunaipenda kwenye benga, tunaipenda tukilewa. Kisha tunalea watoto wasioijua.

Na ushahidi uko palepale milimani. Vuka bonde moja au mawili kuelekea mashariki na utafika Cortina d'Ampezzo. Cortina ni jina kubwa kuliko Corvara. Iliandaa Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka wa 1956, na ikapewa ya 2026 pamoja na Milano. Nayo kwa asili ni ya Kiladini. Mlima ni uleule, theluji ni ileile, wageni ni walewale, mapenzi ya lugha ni yaleyale. Tofauti ni kwamba ule mgawanyo wa mafashisti uliiacha Cortina katika mkoa wa Belluno, nje ya eneo lenye mamlaka ya kujitawala. Watoto wa Cortina wanasoma kwa Kiitaliano. Nyumba nyingi zimenunuliwa na matajiri wa mijini wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji ulikuwa na wakazi zaidi ya 8,000. Leo hawafiki 6,000. Mwaka wa 2007 watu wa Cortina na majirani zao wawili, Fodom na Col, walipiga kura ya maoni wakasema wanataka kurudi upande wa Bolzano. Ndiyo ikashinda. Hadi leo mpaka haujasogea hata hatua moja.

Watu ni walewale, lugha ni ileile, lakini sheria ni mbili tofauti. Upande mmoja lugha imeajiriwa. Upande mwingine imestaafishwa mapema.

Lugha yenye payslip

Hebu tuone walichofanya upande wa Bolzano, manake hapa ndipo penye somo.

Mwaka wa 1946, Italia na Austria ziliafikiana kuwalinda watu wa eneo hilo. Yakafuata mamlaka ya kujitawala ya 1948, kisha yale yenye meno zaidi ya 1972. Ndani ya mfumo huo, shule za Badia na Gherdëina zina mpango wake. Masomo hugawanywa: nusu kwa Kiitaliano, nusu kwa Kijerumani, na Kiladini kinafundishwa kama somo na kutumika kueleza mambo darasani. Mtoto anamaliza shule akiwa na lugha tatu, kisha anaongeza Kiingereza. Hakuna anayemwambia kwamba ile ya nyumbani inazuia hizo nyingine. Kwake ni ngazi ya kwanza ya kupandia.

Tangu 1989 Kiladini ni lugha rasmi ya ofisi za umma katika mabonde hayo mawili. Ukitaka kazi ya serikali pale, lazima uonyeshe cheti kwamba unakijua. Mwalimu lazima akijue. Karani wa manispaa lazima akijue. Vibao vya barabarani vina lugha tatu. Katika baraza la mkoa lenye viti 35, angalau kimoja lazima kiwe cha Mladini. Kuna taasisi ya lugha iliyopewa jina la Micurà de Rü, kasisi aliyeandika sarufi ya kwanza ya Kiladini mwaka wa 1833. Kuna gazeti la kila wiki, La Usc di Ladins. Kuna vipindi vya redio na televisheni. Kuna Ganes, kundi la wasichana wa Badia wanaoimba pop kwa Kiladini bila kuomba radhi.

Umeona mpangilio? Shule, kazi, ofisi, habari, burudani. Mtoto wa Corvara akiuliza "nikijua hii lugha nitapata nini?" kuna jibu lenye payslip.

Na kuna suala la ardhi, ambalo watu husahau. Lugha haikai hewani, inakaa kwenye nyumba. Mkoa wa Bolzano una sheria ya zamani ya shamba lisilogawanywa: shamba linarithiwa na mtu mmoja badala ya kukatwakatwa vipande hadi libaki la kuanikia nguo. Pia una sheria zinazotenga nyumba kwa wakazi wa kudumu, ili matajiri wa nje wasinunue kijiji kizima. Na mwaka wa 2022 uliweka kikomo kwa idadi ya vitanda vya wageni. Yaani wenyewe, wanaoishi kwa utalii, walisema imetosha. Hoteli nyingi za mabonde hayo bado ni mali ya familia za hapo hapo. Mwenye hoteli anapomwita mwanawe jikoni kwa Kiladini, hiyo ni lugha ya bosi. Lugha ya bosi haiaibishi mtu.

Sasa turudi Malindi

Sisi tuna mahali ambapo Italia na Kenya hukutana kila siku. Nenda Malindi au Watamu. Utakuta vijana wa Kigiriama wanaongea Kiitaliano kama maji, na wengi wao hawakukisoma darasani. Walikisoma ufuoni, kwa masikio, wakiuza vinyago na safari za mashua. Huo ni ubongo wa hali ya juu. Msee aliyeacha shule darasa la saba anajua Kigiriama, Kiswahili, Kiitaliano na Kiingereza cha kutosha kujadili bei. Kwa idadi ya lugha, yuko sawa kabisa na kijana wa Corvara.

Lakini hawalipwi sawa, na tofauti haiko kichwani mwao. Kijana wa Corvara, lugha yake ya nyumbani ni sifa ya kazi na nyumba ni ya familia yake. Kijana wa Malindi, lugha yake ya nyumbani inaachwa nje ya lango pamoja na ndara zake. Menyu ya Kiitaliano utaipata hapo kwa urahisi. Ya Kigiriama mimi sijawahi kuiona. Tumejifunza kumpokea mgeni kwa lugha yake, jambo zuri tu. Kile ambacho hatujajifunza ni kumwonyesha kwamba aliyempokea naye ana yake.

Na usidhani hili ni la watalii tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, nikaanza kuishi kwa kuandika: posti za biashara ndogondogo, matangazo, chochote. Kazi iliyonilipa vizuri zaidi mwaka jana haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa tangazo la mbegu la dakika moja, la redio, kwa Kikamba. Walitafuta kijana wa mjini anayeweza kulisoma bila kuchanganya na walitafuta wiki nzima. Dakika moja ikanilipa kuliko posti kumi za Kiingereza. Soko liko. Watu ndio wameadimika.

Upande mwingine wa shilingi ni mchungu. Mwaka huohuo susu yangu alipelekwa hospitali moja mjini. Daktari alikuwa kijana mpole, hana makosa, ila alikuwa na foleni ndefu na Kiswahili cha haraka. Susu anajua Kiswahili cha sokoni: bei, salamu, pole. Binamu yangu wa miaka 19, mzaliwa wa Embakasi, ndiye aliyefanywa mkalimani. Akaambiwa amuulize susu kama maumivu yanachoma, yanadunda au yanakamua. Binamu hakuwa na hata neno moja kati ya hayo matatu. Akasema tu, "Anaumwa sana." Ilichukua wiki mbili na ziara nyingine mbili kabla ya ugonjwa kujulikana, na ulijulikana siku ambayo muuguzi wa zamu alitokea kuwa wa Kitui.

Alitokea. Hilo neno ndilo linaloniudhi. Afya ya mama wa miaka 78 isitegemee nani ametokea.

Kabla hujanirukia

Kuna swali zito na silikwepi. Kwa Bolzano, kila mtu hutangaza yeye ni wa kundi gani la lugha, na kazi za umma hugawanywa kwa uwiano wa makundi hayo. Ukileta kitu kama hicho Kenya umeleta kiberiti kwenye petroli. Tunajua vizuri mno kilichotokea 2007 na 2008, na tunajua ni wangapi waliulizwa jina la ukoo kabla ya kupigwa. Sitaki mgawo wa makabila. Tayari tunao, tena ule wa chini ya meza.

Ninachotaka ni ile sehemu nyingine ya mfumo wao: cheti. Mtihani wa Kiladini haukuulizi babako ni nani. Unakuuliza kama unaweza kumhudumia mtu kwa lugha hiyo. Mtoto wa familia ya Kiitaliano akijifunza, anafaulu. Vivyo hivyo, kaunti ya Makueni ikitangaza kazi za wauguzi na maafisa wa kilimo, iweke mtihani wa Kikamba uwe na alama za ziada, na Mjaluo aliyejifunza Kikamba apate hizo alama kumshinda Mkamba wa Kilimani asiyejua kuomba maji. Hapo lugha inakuwa ujuzi, kama kuendesha lori. Inaacha kuwa damu. Kwa maoni yangu hiyo ingepunguza ukabila, manake leo lugha ni siri ya wenyewe, na kitu cha siri ndicho kinachotumika kuwabagua wengine.

Tena hatuombi kitu kigeni. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali ikuze na ilinde lugha mbalimbali za Wakenya. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Maneno yako pale. Kinachokosekana ni bajeti na nafasi za kazi. Mtaala nao unasema watoto wa madarasa ya chini wasome lugha ya eneo lao, lakini mjini lugha ya eneo huhesabiwa kuwa Kiswahili, na hapo mtoto wa Pipeline au Kayole ameshatolewa kwenye hesabu kabla hajaingia darasani.

Swali la pili: si tuna Sheng? Tunayo, na naipenda, ndiyo imenilea. Lakini Sheng hula kwenye sahani za lugha nyingine. Neno kama "shosh" lilitoka mahali. Sheng ikikosa lugha za kuazima itabaki Kiingereza kilichovaa kofia.

Swali la tatu: je, hao Waladini hawana shida zao? Wanazo tele. Saa za Kiladini shuleni ni mbili tu kwa wiki, na wengi wao wanaona hazitoshi. Kila bonde lina namna yake: ukishukuru Badia unasema "giulan", ukivuka kwenda Gherdëina unasema "dilan". Miaka ya 1990 wataalamu walitengeneza Kiladini sanifu cha mabonde yote, lakini Bolzano ikaendelea kutumia lahaja mbili kila moja kivyake, na ubishi haujaisha. Msitucheke, hata sisi kuna watu watabishana hadi asubuhi kuhusu Kikamba cha Machakos na cha Kitui.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Utajiri wao wote umesimama juu ya theluji, na theluji inazidi kuwa haba. Sehemu kubwa ya njia za kuteleza sasa inategemea theluji ya mashine. Tarehe 3 Julai 2022 kipande cha barafu ya mlima Marmolada, mkubwa kuliko yote ya Dolomiti, kilimeguka na kuua watu 11. Siku theluji itakapokataa kabisa, hoteli zitapungua. Lakini hata siku hiyo, shule na ofisi zitakuwa bado zinaongea Kiladini, kwa sababu hazikujengwa juu ya theluji. Hiyo ndiyo sababu unaweka lugha kwenye sheria na si kwenye utalii pekee.

Upande wetu, saa inakimbia. Lugha ya Wayaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia imebaki na wazee wa kuhesabika baada ya jamii kuhamia Kimaasai. Waelmolo wa Ziwa Turkana walihamia Kisamburu. Hizo zilikuwa ndogo, utasema. Kiladini nacho ni kidogo. Lugha kubwa kama Kikamba, Kiluhya na Kikuyu zina mamilioni ya watu, kwa hivyo tunajiona salama, lakini lugha haifi siku mzungumzaji wa mwisho anapozikwa. Inaanza kufa siku watoto wa mji mkuu wanapoacha kuijua, kwa sababu mji mkuu ndio unaoamua nini ni cha kisasa.

Kwa hivyo, mwakilishi wadi wako akija kuomba kura, usimuulize tu kuhusu barabara. Muulize muuguzi wa zahanati yenu atamwelewaje shosh. Ukiwa na biashara, weka bango la pili kwa lugha ya wateja wako. Ukiwa na channel, jaribu video moja kwa lugha ya mama kabla hujasema hazitazamwi.

Na wikendi hii, kabla bando haijaisha, mpigie shosh. Muulize maumivu yanayochoma yanaitwaje, yanayodunda yanaitwaje, na yanayokamua yanaitwaje. Andika kwenye simu. Siku moja utasimama kando ya kitanda na daktari atakuuliza, na kutakuwa hakuna wa Kitui aliyetokea.